Kofia za Moshi Jikoni: Sifa, Aina na Matumizi Yake

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana na kazi ya kofia ya moshi;
(b) kutaja sehemu zake na kazi ya kila sehemu;
(c) kutofautisha aina za kofia za moshi;
(d) kuchagua kofia inayofaa jiko fulani na kutoa sababu;
(e) kueleza matumizi salama na utunzaji wake.

1. Utangulizi

Upishi hutoa mambo manne hewani: moshi wenye masizi, gesi zitokanazo na moto, mvuke wa maji, na matone madogo ya mafuta yanayobeba harufu. Mvuke huleta unyevu na ukungu ukutani. Mafuta huganda kwenye dari na makabati na huweza kushika moto. Moshi na gesi hudhuru macho, mapafu na moyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka 5. Wengi wa walioathirika hupikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa. Kwa hiyo usiichukulie kofia ya moshi kama pambo la majiko ya kisasa. Ni kifaa cha afya.

Maana: Kofia ya moshi ni kifuniko kipana kinachowekwa juu ya jiko ili kukusanya moshi, mvuke na mafuta kabla havijasambaa chumbani. Ikiwa na feni ya umeme, huitwa pia kifyonza moshi.

2. Sehemu na kazi zake

- Kifuniko: hukusanya hewa chafu inayopanda. Hutengenezwa kwa bati au chuma kisichoshika kutu ili kistahimili joto na kisafishwe kwa urahisi.
- Feni na mota: huvuta hewa kwa nguvu. Huwa na swichi ya kuchagua kasi.
- Kichujio cha mafuta: wavu wa chuma unaonasa matone ya mafuta. Huoshwa na kutumika tena.
- Kichujio cha kaboni: hupunguza harufu. Hupatikana katika vifyonza vinavyorudisha hewa chumbani. Kwa kawaida hakioshwi. Hubadilishwa kila baada ya miezi michache.
- Bomba: hupeleka hewa chafu nje ya nyumba.
- Kizuizi cha hewa: kibati kinachofunguka feni ikifanya kazi na kujifunga ikizimwa, ili upepo wa nje usirudi ndani.
- Taa: humwangazia mpishi.

3. Aina kwa kuzingatia hewa inakoelekea

Huu ndio mgawanyo muhimu kuliko yote. Ukiulizwa kuhusu kofia yoyote, anza na swali hili: *hewa chafu inakwenda wapi?*

(i) Kofia isiyo na feni. Hutegemea ukweli kwamba hewa ya moto ni nyepesi na hupanda. Moshi hukusanywa na kofia, kisha hupitia bomba hadi juu ya paa. Haihitaji umeme, hivyo hufaa jiko la kuni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilishirikiana na familia za Kajiado na magharibi mwa Kenya kujaribu kofia za namna hii. Moshi ulipungua sana katika nyumba zilizofungwa kofia, ingawa haukuisha kabisa.

(ii) Kifyonza kinachotoa hewa nje. Feni huvuta hewa, kichujio hunasa mafuta, na bomba hupeleka kilichobaki nje. Huondoa moshi, mvuke, joto na gesi kwa pamoja. Udhaifu wake ni gharama ya kutoboa ukuta na kufunga bomba.

(iii) Kifyonza kinachorudisha hewa chumbani. Hakina bomba. Hewa hupita katika kichujio cha mafuta, kisha cha kaboni, na kurudi jikoni. Ni rahisi kukifunga, hasa katika nyumba za ghorofa ambako kutoboa ukuta ni vigumu. Lakini hakiondoi mvuke wala kaboni monoksaidi. Kinachopungua ni mafuta na harufu tu, kwa hiyo dirisha bado linahitajika.

4. Aina kwa kuzingatia mahali inapofungwa

- Ya chini ya kabati: hubanwa chini ya kabati lililo juu ya jiko. Huokoa nafasi.
- Ya ukutani: husimama wazi ukutani, bomba lake likipanda hadi darini.
- Ya kuning'inia: hushuka kutoka darini juu ya jiko lililo katikati ya chumba. Iwe pana zaidi kwa kuwa haina ukuta wa kuzuia moshi kutawanyika.
- Ya kuvuta chini: huwa kando ya jiko au nyuma yake. Haizuii mandhari, lakini hulazimika kushindana na moshi unaopanda.
- Ya mikahawa: kubwa, ya chuma kisichoshika kutu, hufunika safu nzima ya majiko.

5. Kuchagua na kufunga

1. Upana wa kofia usiwe mdogo kuliko upana wa jiko.
2. Kimo: kwa kawaida sentimita 60 hadi 75 juu ya jiko. Jiko la gesi huhitaji nafasi kubwa kuliko la umeme. Fuata maelekezo ya mtengenezaji.
3. Bomba liwe fupi, lisiwe na kona nyingi, na liishie nje. Likiishia ndani ya dari, mafuta na unyevu hukusanyika humo.
4. Hewa mbadala: acha dirisha wazi kidogo. Feni yenye nguvu katika chumba kilichofungwa huweza kuvuta moshi wa jiko jingine urudi ndani kupitia dohani.
5. Uwezo wa feni: kadiria hewa ya jiko kubadilishwa mara 10 kwa saa.

*Mfano:* Jiko lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2.4.
Ujazo = 3 × 2.5 × 2.4 = mita za ujazo 18.
Uwezo unaohitajika = 18 × 10 = mita za ujazo 180 kwa saa.

6. Matumizi na utunzaji

- Washa kifyonza kabla ya kuanza kupika, na ukiache dakika 10 hivi baada ya kumaliza.
- Osha kichujio cha mafuta mara kwa mara kwa maji ya moto na sabuni. Kikauke kabla ya kurudishwa.
- Chomoa umeme kabla ya kusafisha.
- Kwa kofia ya jiko la kuni, toa masizi bombani ili njia isizibe.

7. Tahadhari: mahali watahiniwa wanapopoteza alama

Mkaa. Wengi huandika kwamba mkaa ulioshika vizuri ni salama ndani kwa sababu hautoi moshi. Si kweli. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama limekuwa jivu juu.

Gesi inayovuja. Wengine hujibu kwamba gesi ya mtungi ikivuja, kifyonza kiwashwe ili kuiondoa. Jibu hili ni la hatari. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni, mbali na kofia. Tena, swichi huweza kutoa cheche. Funga mtungi ukiweza, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, na toka nje.

8. Maswali ya marudio

1. Toa tofauti mbili kati ya kifyonza kinachotoa hewa nje na kinachorudisha hewa chumbani. (alama 4)
2. Jiko lina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Kadiria uwezo wa feni. (alama 3)
3. Mama Rehema anapikia kuni katika nyumba isiyo na umeme. Mshauri aina ya kofia inayomfaa, ukitoa sababu mbili. (alama 3)

Majibu

1. Cha kwanza kina bomba la kwenda nje, cha pili hakina (alama 2). Cha kwanza huondoa mvuke na gesi, cha pili hupunguza mafuta na harufu tu (alama 2).
2. Ujazo = 4 × 3 × 2.5 = mita za ujazo 30 (alama 1). 30 × 10 = 300 (alama 1). Jibu: mita za ujazo 300 kwa saa (alama 1). Usisahau kipimo.
3. Kofia isiyo na feni, yenye bomba linalopita paa (alama 1). Haihitaji umeme (alama 1). Hutoa moshi wa kuni nje ya nyumba (alama 1).