Somo la TEHAMA: Printa ya Ofisi Isipotee Mtandaoni

Umeme unaporejea baada ya kukatika, tatizo moja hujirudia katika ofisi nyingi za umma. Printa imewaka, karatasi zimo na wino upo, lakini kompyuta hudai kwamba printa haipatikani. Mwananchi aliyefuata leseni ya biashara huambiwa arudi kesho, ilhali nauli ya leo imekwisha kutumika. Mara nyingi printa hiyo haikuharibika. Imebadilishiwa anwani tu.

Kila kifaa kilichomo katika mtandao wa ofisi huwa na anwani yake, kwa mfano 192.168.1.25. Kwa utaratibu uitwao DHCP, ruta hugawa anwani hizo yenyewe. Kifaa kinapowashwa huomba anwani, nayo ruta hukiazima iliyo wazi kwa muda maalumu. Utaratibu huu huwapunguzia watumishi kazi ya kuandika namba kwa mkono.

Hata hivyo, printa hutofautiana na simu. Simu huenda mtandaoni kutafuta huduma, bali printa hutafutwa na kompyuta zote za ofisi. Ikiazimwa anwani mpya, kompyuta iliyounganishwa nayo kwa anwani ya zamani itaendelea kupeleka nyaraka mahali pasipo na printa.

Wengi hukimbilia kuiandikia printa anwani kwa mkono. Njia hiyo ina hatari, kwa kuwa ruta isiyo na habari inaweza kukipa kifaa kingine anwani ileile, vifaa hivyo viwili vikagongana. Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha printa iombe anwani yenyewe, kisha kuiagiza ruta iipe anwani ileile kila mara. Hatua zake ni hizi:

1. Katika menyu ya mtandao ya printa, hakikisha DHCP imewashwa.

2. Chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao, kisha nakili namba ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12. Printa yenye waya na Wi-Fi huwa na namba mbili. Chukua ya njia inayotumika.

3. Msimamizi wa mtandao aingie katika ruta, afungue sehemu ya kutenga anwani, aandike namba hiyo na anwani isiyotumiwa na kifaa kingine.

4. Zima printa, iwashe, kisha uchapishe tena ukurasa ule ili kuthibitisha anwani.

5. Katika kila kompyuta, unganisha printa kwa anwani hiyo na uchapishe ukurasa wa majaribio.

Anwani ikianza na 169.254, fahamu kwamba printa haikupata jibu la ruta na imejipa anwani yenyewe. Kagua waya, Wi-Fi na ruta kabla ya kumwita fundi wa printa.

Anwani iliyotengwa iandikwe katika daftari la vifaa na kubandikwa juu ya printa. Ruta ikibadilishwa, kazi ya kutenga anwani ifanywe upya siku hiyohiyo. Ofisi isiyo na idhini ya kuingia katika ruta iwasiliane na Kitengo cha TEHAMA mapema, kabla foleni haijaanza dirishani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.