Kabla ya Kuketi Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Chukulia mfano wa mkulima kutoka Igembe. Gego lake lilianza kumsumbua wakati wa mvua ya Machi, likishtuka kila alipokunywa chai. Alinunua tembe dukani, maumivu yakatulia, akarudi shambani. Kufikia Agosti shavu limevimba, usiku halali, na sasa yuko kwenye foleni ya kliniki ya meno mjini Meru akiwa na ombi moja tu: "Daktari, ling'oe."

Mkulima huyu tumemtunga, lakini mhudumu yeyote wa kliniki ya meno, awe Meru au Embu, atakwambia anamfahamu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini ana meno yaliyooza, na karibu mtoto mmoja kati ya wanne. Matatizo ya ufizi kutoka damu yalipatikana kwa takriban watu wazima wote. Wengi huenda kliniki siku ambayo hakuna la kuokoa tena.

Somo la toleo hili ni fupi: matibabu ya jino huanza nyumbani, kabla hujaketi kwenye kile kiti. Unachofanya mapema, na unachomwambia daktari, ndicho kinachoamua utatoka na jino lako au bila jino.

Usingoje liume

Jino haliozi kwa siku moja. Kwanza hutokea doa jeupe au la kahawia. Hapo dawa ya meno yenye floridi, usafi na kupunguza sukari vinaweza kusimamisha uharibifu. Baadaye hutokea tundu dogo, ambalo huzibwa, mara nyingi kwa ziara moja. Tundu likifika kwenye mshipa ndani ya jino, ndipo maumivu ya usiku huanza. Jino bado linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, lakini matibabu hayo huchukua muda na pesa zaidi. Ukizidi kungoja, hubaki kung'oa.

Kwa hivyo maumivu si dalili ya kwanza. Ufizi unaotoka damu unapopiga mswaki, harufu mbaya isiyoisha, jino linaloshtuka kwa kitu baridi au kitamu, na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, vyote vinatosha kukupeleka kliniki. Hata kama huna dalili, kaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Unapongoja siku ya miadi, usiweke aspirini, ugoro au kemikali yoyote kwenye jino. Aspirini huchoma ufizi. Usimeze antibayotiki zilizobaki za jirani, kwa sababu haziwezi kuziba tundu. Ukitumia parasetamo za miligramu 500, mtu mzima asipitishe tembe nane kwa saa 24.

Siku ya kwenda kliniki

Piga mswaki, kisha kula. Wengi huenda na njaa wakidhani sindano ya ganzi inataka tumbo tupu. Sivyo. Mwenye njaa na hofu huzirai kwa urahisi. Mgonjwa wa kisukari au presha anywe dawa zake na kula kama kawaida. Kufunga kula ni kwa yule tu aliyeelekezwa na daktari, kwa mfano anayelazwa usingizi kwa upasuaji.

Beba kitambulisho, kijitabu chako cha kliniki, na dawa zote unazotumia, hata zile za mitishamba. Weka pakiti ndani ya mfuko uende nazo. Ni rahisi kuliko kukariri majina.

Usimfiche daktari

Mgonjwa hufikiri, "Nimekuja kwa jino, presha yangu inamhusu nini?" Inamhusu sana. Mwambie daktari kabla ya sindano yoyote ikiwa:

- una presha, kisukari, pumu, kifafa, au ugonjwa wa figo, ini au moyo, hasa kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa valvu;
- unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama vile warfarini au aspirini. Usiziache bila ushauri wa daktari;
- dawa fulani hukudhuru, kwa mfano penisilini;
- uliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kung'olewa jino au kujifungua;
- unatumia dawa za virusi vya Ukimwi. Siri hiyo inalindwa na sheria, na inamsaidia daktari kukuchagulia dawa zisizogongana;
- una mimba au unadhani unayo. Mjamzito hutibiwa meno. Miezi ya kati huwa na nafuu zaidi kwake, lakini uvimbe na maumivu makali havingoji miezi.

Kuhusu miraa na muguka

Hapa kwetu hakuna haja ya kuzungukazunguka. Miraa imesomesha watoto wa Igembe na Tigania, na muguka umefanya vivyo hivyo kwa majirani zetu wa Mbeere, Embu. Makala haya hayamhukumu mtu. Lakini daktari wa meno lazima ajue kama unatafuna, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Sababu ni hizi. Majani hayo huongeza mapigo ya moyo na presha, na dawa nyingi za ganzi huwa na adrenalini, ambayo nayo huchochea moyo. Isitoshe, huondoa hamu ya kula na usingizi. Aliyekesha akitafuna hufika kliniki akiwa na njaa na uchovu, moyo ukienda mbio. Daktari akijua, ataamua kupima presha, kubadilisha ganzi au kukupa siku nyingine. Asipojua, anabahatisha na mwili wako.

Mdomo wa mtafunaji pia hukauka, na mate ndiyo askari wa kwanza wa meno. Ukiulowanisha kwa soda au peremende usiku kucha, unayalisha meno sukari kwa saa nyingi bila ulinzi. Kunywa maji badala yake. Usitafune siku ya matibabu.

Mtoto aanze lini?

Jino la kwanza linapotokea, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Usimngoje aumwe. Na usimtishe kwa kusema, "Ukisumbua nitakupeleka ung'olewe," kwa kuwa siku atakayohitaji msaada atakataa kufungua mdomo.

Wazazi wengi hupuuza meno ya utotoni kwa sababu yatang'oka. Yakioza, mtoto huumwa, hashiki masomo, na meno ya ukubwani yanaweza kukosa nafasi. Angalia hasa anapofika miaka sita: gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na mzazi hudhani ni la utotoni. Gego hilo halina mrithi. Msaidie kupiga mswaki mara mbili kwa siku. Chini ya miaka mitatu, dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere.

Uliza kabla ya kutibiwa

Una haki ya kuuliza, na mhudumu mwema hakasiriki. Uliza: Tatizo ni nini? Jino linaweza kuokolewa? Kuna njia ngapi? Kila moja ni pesa ngapi? Nisipotibiwa leo itakuwaje?

Uliza mapokezi ni huduma gani zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na zipi utajilipia. Kama hujajisajili, piga *147# ukiwa nyumbani, si ukiwa kwenye foleni huku shavu limevimba. Lipa mahali rasmi na udai risiti.

Hakikisha pia kwamba kliniki na anayekutibu wana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Anayeng'oa meno sokoni au nyuma ya duka kwa bei ya chini anaweza kukuachia kipande cha mzizi au ugonjwa wa damu kupitia vifaa vichafu.

Baada ya kung'olewa

Uma pamba kwa nusu saa bila kuitoatoa. Kwa saa 24, usisukutue kwa nguvu, usiteme mate kila mara, usivute sigara, na usinywe chai ya moto wala pombe. Bonge la damu lililoko kwenye shimo ndilo kifuniko cha kidonda. Siku ya pili, anza kusukutua polepole kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Miraa na muguka vikae kando mpaka kidonda kifunge. Damu isipokoma hata baada ya kuuma pamba nyingine kwa nusu saa, au maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi ulikotibiwa.

Hali zisizongoja miadi

Uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, homa, kushindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua: nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Jino la ukubwani likitoka zima kwa kuanguka na bodaboda au uwanjani, lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, lirudishe mahali pake au ulitie kwenye maziwa baridi, kisha mfikie daktari ndani ya saa moja. La mtoto la utotoni usilirudishe.

Mkulima wetu wa Igembe angekuja Machi, huenda angezibwa jino na kurudi shambani siku iyo hiyo. Wewe ambaye chai yako ya asubuhi imekushtua leo, bado uko Machi. Usingoje Agosti.