Ukimya wa Mwanafunzi wa Kiswahili Bungoma: Sauti, Kicheko na Ujasiri wa Kuuliza

Utangulizi

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Hata hivyo, katika madarasa ya Kiswahili ya Bungoma na Kitale wapo wanafunzi wanaoona heri kuondoka na swali moyoni kuliko kulitamka. Aghalabu ukimya huo huchukuliwa kuwa uvivu au uhaba wa maarifa. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kibukusu, hofu ya kuchekwa kwa sababu ya matamshi ni chanzo kisichopaswa kupuuzwa, na kwamba isimu yenyewe inaweza kuipunguza.

Chanzo cha Ukimya

Jamii ya Wabukusu haina uhaba wa wasemaji. Katika khuswala kumuse, sherehe ya hotuba inayofanywa baada ya mazishi ya mzee mwenye hadhi, msemaji husimulia historia, hufariji na kuuonya umma kwa muda mrefu bila kusoma popote. Aibu ya kusema, basi, inapasa kutafutiwa chanzo shuleni. Wapo Wakenya wengi waliofedheheshwa shuleni kwa kunaswa wakisema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Isitoshe, karatasi tatu za Kiswahili katika mtihani wa KCSE, yaani Insha, Lugha na Fasihi, zote huandikwa. Mtahiniwa anaweza kufuzu vyema pasipo kuwahi kuuliza swali hata moja kwa sauti.

Suala la Sauti

Katika Kibukusu, konsonanti ghuna b, d, j na g, kama zinavyotamkwa katika Kiswahili sanifu, hazijitegemei. Hujitokeza zikitanguliwa na nazali: mb, nd, nj, ng. Ndiyo maana "gari" huweza kusikika kama "kari" na "dada" kama "tata". Tuchukue mwanafunzi anayeuliza neno "goti" limo katika ngeli gani. Darasa likisikia "koti", kicheko huzuka, na swali la ngeli, ambalo ni zuri, hupotea bila kujibiwa. Siku nyingine hataunyosha mkono.

Sasa tuangalie neno "ndugu". Mwanafunzi huyo huyo huitamka nd bila taabu, kisha g ikageuka k: "nduku". Mfano huu unaonyesha kwamba ala zake za matamshi hazina kasoro. Mghuno anao tayari. Kilicho kigeni kwake ni mazingira ya sauti. Hiyo ni kanuni ya lugha, na haielezi lolote kuhusu akili ya msemaji.

Mapendekezo

Kwanza, mwalimu alijibu swali kabla ya kugusa matamshi. Marekebisho yasubiri kipindi chake, nayo yalihusu darasa zima badala ya mtu mmoja.

Pili, mazoezi yaanzie pale mwanafunzi anapoweza. Jozi kama mbali na bali, ndoa na doa, njaa na jaa, ngoma na goma zinafaa sana. Alitamke neno la kwanza, kisha aidondoshe nazali huku akiuhifadhi mghuno.

Tatu, wanafunzi waandike maswali yao wawili wawili kabla ya kuyauliza. Mmoja akisimama kuuliza kwa niaba ya mwenzake, hofu hupungua, na zamu hubadilishwa kila kipindi.

Nne, chama cha Kiswahili kitumie midahalo, vitendawili na vitanza ndimi. Katika vitanza ndimi kila ulimi huteleza, ukiwemo wa mhadhiri. Hapo kicheko ni cha wote.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana kubwa kwa Mkenya anayeogopa kukisema. Suala hili ni zito zaidi kwa wanaosomea ualimu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma. Anayehitimu bila kuthubutu kuuliza atasimama kesho mbele ya wanafunzi wake akiyaogopa maswali yao, nao watajifunza kunyamaza kutoka kwake.