Leza Katika Upimaji wa Gesi Haba za Angahewa

Gesi haba ni zipi?

Takriban asilimia 99.9 ya hewa kavu ni nitrojeni, oksijeni na agoni. Gesi nyingine zote, zikiwamo hewa ukaa na methani, hugawana sehemu ndogo iliyobaki, na ndizo ziitwazo gesi haba. Katika molekuli milioni za hewa kavu, zile za methani hazifiki mbili, lakini uchache huo hauiondolei athari, kwa kuwa tani moja ya methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko tani ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100.

Mwanga hutambuaje gesi?

Kila aina ya molekuli hufyonza mwanga wa urefu maalumu wa mawimbi, na elimu ya kuchunguza vitu kwa mwanga vinaoufyonza au kuutoa huitwa spektroskopia. Methani hufyonza vyema mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya nanomita 1,650 hivi, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Leza hufaa kwa kazi hii kwa sababu mwanga wake ni wa rangi moja, na huweza kurekebishwa kidogo kidogo hadi ulenge methani bila kuchanganywa na mvuke wa maji.

Kupima kwa kufifia kwa mwanga

Katika mbinu mojawapo, hewa huingizwa katika chumba kidogo chenye vioo vinavyoakisi zaidi ya asilimia 99.99 ya mwanga. Leza inapozimwa, mwanga uliobaki huendelea kwenda na kurudi kati ya vioo, ukivuja kidogo kila unapovigonga, na kwa muda mfupi sana husafiri kilomita nyingi kabla ya kufifia. Gesi ikiwa nyingi, mwanga hufifia upesi zaidi. Na kwa kuwa kinachopimwa ni muda wa kufifia, nguvu ya leza ikiyumba matokeo hayapotoshwi.

Manufaa kwa umma

Kituo cha Mlima Kenya, kilicho mita 3,678 juu ya usawa wa bahari chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ni sehemu ya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kufuatilia angahewa. Mchana upepo hupanda na hewa ya mabondeni, pamoja na moshi wa kuni na mashamba yanayochomwa, ilhali usiku hushuka hewa safi zaidi kutoka juu, hivyo kipimo kimoja kwa siku hakitoshi kueleza hali halisi.

Kwa sababu hiyo vifaa vinavyopima mfululizo, vinavyolinganishwa mara kwa mara na mitungi ya gesi ya kiwango kinachojulikana, vinastahili kugharimiwa na kutunzwa, kwani bila takwimu za kuaminika ahadi za kupunguza gesi hizi haziwezi kuhakikiwa.