Kuchora Vazi Kabla ya Kulikata: Somo kwa Madarasa ya Watoto Parokiani



Parokia nyingi zina chumba cha ushonaji. Vyerehani vilinunuliwa kwa michango ya waumini na wafadhili, na akina mama na vijana hujifunza humo. Watoto nao hufika siku za Jumamosi, huokota vipande vya vitambaa mlangoni na kurudi nyumbani. Katika kikundi chetu tuliamua kuwaingiza ndani na kuwapa penseli. Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha namna ya kuwafundisha watoto wa miaka 9 hadi 14 kuchora mitindo ya mavazi, kosa tulilofanya mwanzoni, na mambo ambayo kamati na wafadhili wanapaswa kuyaangalia.

Kwa nini kuchora?

Mteja hufika kwa fundi na kusema, "Nataka kama lile la kwenye kalenda, ila mikono iwe mirefu." Fundi anaelewa lake na mteja anaelewa lake. Ugomvi unakuja siku ya kuchukua nguo, wakati kitambaa kimeshakatwa na hakirudi tena. Mchoro ni makubaliano kati ya watu hawa wawili. Penseli inafutika, mkasi haufutiki.

Kwa mtoto kuna faida zaidi. Anajifunza kupima, kugawanya, kulinganisha na kutazama kwa makini. Akipenda kazi hii, njia ipo: VETA inafundisha ubunifu wa mavazi na ushonaji, na jijini Dar es Salaam Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, ambako wabunifu wamekuwa wakionyesha kazi zao. Hata hivyo hatuwaahidi watoto kwamba wote watafika huko. Wengi watabaki na ujuzi wa kueleza vizuri kile wanachokitaka, nao si mdogo.

Kosa letu

Tulianza na vitabu vya mitindo. Vitabu hivyo huchora mwanamitindo kwa kipimo cha vichwa 9, yaani urefu wake ni mara 9 ya urefu wa kichwa chake. Mtu mzima wa kawaida ana vichwa 7 na nusu hivi. Urefu ulioongezwa huwekwa zaidi kwenye miguu, ili nguo ionekane inaning'inia vizuri. Tuliwapa watoto umbo hilo walinakili, bila kuwaeleza kwamba ni la kutia chumvi.

Katika kipindi cha tatu binti mmoja wa darasa la tano, anayetembea kwa magongo, aliacha ukurasa wake mtupu. Tulipomuuliza, alijibu, "Mwalimu, hili gauni ni la nani? Mimi nikilivaa, magongo nitayapitisha wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulipotazama kazi za wenzake tuliona hakuna hata mmoja aliyechora mtu anayefanana na mama yake, dada yake au yeye mwenyewe. Tulikuwa tumewafundisha kuchora nguo za watu wasiokuwepo. Tuliweka vitabu kando, tukachukua futikamba.

Hatua za somo

1. Pimeni mwili halisi. Watoto wafanye kazi wawili wawili. Mmoja asimame ukutani. Daftari liwekwe bapa juu ya kichwa na jingine chini ya kidevu, kisha wapime nafasi iliyo katikati. Halafu wapime kimo chote na kugawanya. Mtoto mwenye kimo cha sm 130 na kichwa cha sm 20 ana vichwa 6 na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa 4 hivi, wa miaka 5 ana kati ya 5 na 6, na wa miaka 10 ana kati ya 6 na 7. Kwa hiyo anayechora nguo ya mtoto kwa umbo la mtu mzima atakosea tangu mwanzo.

2. Chora umbo la msingi. Kwa mtu mzima, piga mstari wima wa sm 22 na nusu, kisha uweke alama kila baada ya sm 3. Kila nafasi ni kichwa kimoja. Alama ya kwanza ni kidevu, ya pili ni kifua, ya tatu ni karibu na kitovu, na ya nne ni pale mapaja yanapoanzia. Magoti yako kati ya alama ya tano na ya sita, na nyayo ziko mwisho wa mstari. Upana wa mabega na nyonga usikisiwe. Upimwe kwa mtu. Mtoto achore mistari mepesi, maana mingi itafutwa.

3. Vika umbo hilo. Weka karatasi safi juu ya umbo, ushikilie zote mbili kwenye kioo cha dirisha lenye mwanga, na uchore nguo peke yake. Umbo moja linaweza kuvikwa mitindo kumi bila kuchorwa upya. Mfundisheni mtoto kwamba nguo haigandi mwilini kama rangi. Mikunjo hutokea pale kitambaa kinapovutwa au kubanwa: kwenye kiwiko, kiunoni na gotini.

4. Angalia kitambaa. Watoto wengi huchora kitenge chenye maua madogo madogo, wakati ua halisi linaweza kuwa na upana wa sm 20, yaani karibu kichwa kizima. Wapime ua, walilinganishe na kichwa, kisha wachore. Kanga ina somo lake. Ina urefu wa sm 150 na upana wa sm 110 hivi, na ina pindo, mji na jina. Ukiikata gauni bila kufikiri, jina linaweza kugawanyika, nusu ikabaki mgongoni na nusu ikaingia kwenye mshono. Mtoto aamue kwenye karatasi: jina likae wapi, na pindo lishuke chini au lizunguke mikononi?

5. Tandaza nguo. Mchoro wa mwisho hauna mtu ndani yake. Ni nguo kama imetandazwa mezani, mbele na nyuma. Hapa ndipo mtoto anaonyesha zipu iko upande gani, vifungo ni vingapi, marinda ni mangapi, mfuko unaanzia wapi. Uzuri wa mchoro hauna maana sana katika hatua hii. Usahihi ndio unaotakiwa.

6. Peleka kwa fundi. Tafuteni fundi ambaye hakuwa darasani. Mtoto amkabidhi mchoro, amwamkie, kisha anyamaze. Fundi aeleze kwa sauti atakachoshona. Kila swali atakalouliza ni pengo katika mchoro, na mtoto arudi kulijaza. Hili ndilo jaribio tunalolitegemea kuliko alama zozote za mwalimu.

Kilichotokea

Binti yule alijipima kwa msaada wa rafiki yake, akajichora akiwa na magongo yake. Gauni lake lilikuwa na mikono mifupi na nafasi kubwa kwapani, kitambaa kisijikunje chini ya gongo. Vifungo viliwekwa mbele ili avae akiwa ameketi. Pindo liliishia juu ya kifundo cha mguu lisije likakanyagwa na gongo. Mfuko aliuchora kifuani, kwa sababu mikono yake haina nafasi ya kubeba kitu njiani.

Fundi aliutazama mchoro ule kwa muda, akauliza swali moja tu, kuhusu ukubwa wa vifungo. Gauni lilishonwa kwa ajili ya kipaimara chake. Pindo lilibidi likunjwe tena kidogo, maana alikuwa amejipima akiwa na viatu. Sisi walimu tunakiri kwamba miaka yote ya kushona hatukuwahi kumuuliza mtu anayetumia magongo nguo zake zinamsumbua wapi.

Kwa kamati na wafadhili

Somo hili halihitaji fedha nyingi. Kwa watoto 20 zinatosha penseli, vifutio, rula, futikamba 10, na karatasi za ofisi ya parokia zilizotumika upande mmoja. Kalamu za rangi za gharama si za lazima. Kinachohitajika zaidi ni fundi mvumilivu wa kukaa na watoto saa mbili kila Jumamosi, na nauli yake ilipwe kwa wakati.

Tunaomba pia yafuatayo yazingatiwe:

- Mchoro ni mali ya mtoto. Ukitakiwa kwa kadi au taarifa ya wafadhili, mtoto na mzazi waombwe ruhusa, na karatasi yenyewe irudishwe.
- Watoto wasigeuzwe wachoraji wa biashara ya chumba cha ushonaji. Wamekuja kujifunza.
- Wavulana wakaribishwe. Mafundi wengi wa mitaani ni wanaume.
- Wakati wa kupimana, kila mtoto apimwe na mwenzake wa jinsia yake, mtu mzima akiwepo, na asiyetaka asilazimishwe.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni watoto gani katika parokia yetu hawajafika kwenye chumba cha ushonaji, na ni nini kinachowazuia: umbali, ngazi za mlangoni, au hawakualikwa?
2. Ni fundi gani karibu nasi anayeweza kuwa msomaji wa michoro ya watoto?
3. Sare za kwaya na za kipaimara huamuliwa na nani? Je, kabla ya kununua kitambaa kuna mchoro unaoonyeshwa kwa wale watakaozivaa?

Swali la tatu tulijiuliza sisi wenyewe kwanza. Sare ya kwaya ya watoto sasa inachorwa na watoto, na kitambaa kinanunuliwa baadaye.