MALISHO

Neno malisho latokana na kitendo kula. Ng'ombe hula, mchungaji humlisha, na mahali anapolishwa huitwa malisho. Neno hili hutumika kwa wingi: watu husema, "Malisho haya ni mema." Mtu akiuliza, "Ng'ombe wako wapi?" hujibiwa, "Wako malishoni." Tena malisho ni majani yenyewe waliwayo na wanyama, kama isemwavyo, "Mwaka huu malisho ni haba." Neno jingine la maana hiyo ni machunga, kutoka kitendo kuchunga. Kitendo hicho ndicho kilichozaa neno mchungaji. Na Wakristo humwita hivyo kiongozi wa kanisa, kwa kuwa kazi yake ni kulisha na kulinda.

Yafaa kupambanua malisho na pori. Pori ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa na watu. Lakini nchi haiwi malisho kwa kuwa na majani tu. Penye mbung'o ng'ombe huugua na kufa. Pasipo maji hawawezi kukaa. Malisho ni mahali palipochaguliwa na watu, wakapatunza. Kwa hiyo mgeni aonaye majani marefu pasipo ng'ombe hata mmoja, akasema, "Hili ni pori tu, halina mwenyewe," aweza kukosea sana.

Mfano mzuri uko Usukuma, kusini ya ziwa Victoria. Huko pana malisho yaitwayo ngitili. Mvua zianzapo, jamaa au kijiji hutenga mahali, na mifugo hukatazwa kuingia. Majani hukua masika yote bila kuguswa. Kiangazi kikizidi, majani ya mahali pengine yakiisha, ndipo ngitili hufunguliwa. Hulishwa humo kwanza ndama, ng'ombe wa maziwa, wanyama dhaifu, na maksai wa plau, ili wawe na nguvu mvua zirudipo. Avunjaye amri hutozwa faini na baraza la watu liitwalo dagashida.

Desturi hii ilikaribia kupotea. Katika nchi ya Shinyanga miti mingi ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kisha, katika miaka ya 1970, watu walihamishiwa vijijini, wakawa mbali na ngitili zao. Zikaachwa, kila mtu akalisha apendapo. Udongo ukachukuliwa na upepo na maji, na wanawake wakaenda mbali sana kutafuta kuni.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Watu walihimizwa kurudia desturi ya wazee wao. Wakatenga ngitili tena, za jamaa na za kijiji. Miti mingi haikupandwa, bali ilichipua yenyewe katika mizizi ya zamani, kwa kuwa ilipata kupumzika. Kazi hiyo ilipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa majani na miti. Watu wakapata malisho, kuni, dawa, asali na miti ya kujengea.

Basi neno malisho lina mambo mawili ndani yake: kula na kutunza. Alaye bila kutunza hula chakula cha kesho. Wala hasara haimpati yeye peke yake, kwani mchuma janga hula na wa kwao.

MASWALI
1. Neno malisho latokana na kitendo gani? Taja maneno mengine mawili yatokanayo na kitendo hicho.
2. Eleza tofauti ya malisho na pori.
3. Kwa nini ngitili hufungwa wakati wa mvua, wala si wakati wa kiangazi?
4. Ni mambo gani yaliyoharibu nchi ya Shinyanga?
5. Tunga sentensi tatu zenye maneno haya: malishoni, machunga, mchungaji.