Spika za Milioni na Bibi wa Benchi la Mwisho

Fungueni Luka 14:28-30. Kuna mtu anataka kujenga mnara, na Yesu anasema lazima kwanza akae apige hesabu. Mimi sikukaa.

Niko Dongobesh, Jimbo la Mbulu, fundi mitambo wa kwaya kwenye kigango kimoja huku. Mwaka jana vijana tulilima kitunguu saumu, tukauza, tukaongezea michango ya jumuiya, tukanunua spika mbili kubwa na mikisa. Shilingi 2,500,000 zikaisha. Jumapili ya kwanza kinanda kilipoingia, vioo vya madirisha vilitetemeka. Aisee, tulijiona tumefika!

Baada ya Misa nikamwamkia bibi anayekaa benchi la mwisho, nikamuuliza ameionaje mitambo. "Ngoma nimeisikia mpaka kifuani, mjukuu wangu. Ila somo sijaambulia kitu."

Iliniuma, maana tulipoomba michango tulisema ni ili watu wasikie Neno. Paulo anawaambia Warumi (10:17) kwamba imani huja kwa kusikia. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 311, nayo yanataka waamini wamsikie padre na wasomaji bila taabu, kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Kwa hiyo vyombo si anasa. Tatizo ni hela tuliipeleka wapi.

Nikaanza kusoma. Kumbe ukitoka wati 500 kwenda 1,000 unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi! Tena simu za mezani zilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na watu walielewana vizuri tu. Maneno hayakai kwenye besi. Besi tuliyoilipia ndiyo iliyokuwa inagonga kuta za saruji na kurudi kulimeza somo.

Jumamosi moja tukazigeuza spika, maana zilikuwa zinaangalia bati, zikawaangalia watu. Tukapunguza besi. Msomaji akasogeza maiki karibu na mdomo, akasoma polepole. Gharama yake ilikuwa kamba, misumari na soda. Jumapili bibi akanirudishia somo la kwanza karibu lote. (Mvua ikipiga bati ni habari nyingine, hapo hakuna spika itakayotuokoa.)

Siwadanganyi, kwa kwaya spika mpya zina tofauti, kinanda kinasikika kisafi. Lakini kwa masomo, zile za zamani zingetosha kama tungezipanga vizuri.

Wenzangu wananirushia Yohane 12, yale marhamu ya dinari 300, wananiita Yuda. Sawa, na mimi sipingi kumpa Mungu kitu cha gharama. Ila Maria aliyamimina miguuni pa Yesu. Sisi, tuseme ukweli, nusu ya sababu ilikuwa kigango cha jirani kisituzidi.

Sasa wanataka spika ya besi peke yake, na michango imeanza tena. Jumapili baada ya Misa tuna kikao, nitasimama niseme haya haya, najua watanizomea. Bibi ameshatoa elfu mbili yake.